Sababu ya Hasara na Haki ya Msaada

Swali la iwapo mtu aliyepoteza kazi anastahili msaada wa umma kwa ajili ya hali aliyo nayo sasa, au kwa ajili ya kile kilichomfikisha katika hali hiyo, ni swali la kale la maadili ambalo kwa kawaida hujificha ndani ya sheria za hifadhi ya jamii bila kutajwa waziwazi. Sheria nyingi hulikwepa: bima ya ukosefu wa ajira humlipa aliyechangiwa na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, na misaada ya maskini humfikia aliyethibitika kuwa hana. Sheria moja ya Marekani, hata hivyo, ililiweka swali hilo mlangoni kabisa, ikataka ionyeshwe kwamba kazi iliyopotea imechukuliwa na biashara ya nje na si na kitu kingine, na kwa takriban miaka 60 milango ya msaada ilifunguliwa na kufungwa kwa kipimo hicho. Anayetaka kujua ni nini hasa jamii inadaiwa na mtu aliyeachishwa kazi hatapata mfano ulio wazi kuliko huo, kwa kuwa kila hitilafu ya kifikra iliyomo ndani yake ililipiwa na watu halisi, katika miji iliyojengwa kuzunguka kiwanda kimoja.

Wazo lenyewe lilitangulia sheria. Mwaka 1954 David McDonald, rais wa chama cha wafanyakazi wa chuma wa Marekani, alikuwa mjumbe wa tume iliyoongozwa na Clarence Randall kuchunguza sera ya uchumi wa nje, na akapendekeza humo kwamba taifa likiamua kupunguza ushuru wa forodha kwa faida ya wote, basi wale wachache watakaoumizwa na uamuzi huo wasaidiwe na wote. Tume haikulikubali pendekezo hilo. Miaka minane baadaye Rais John F. Kennedy, ambaye alihitaji ridhaa ya vyama vya wafanyakazi ili apate mamlaka ya kujadiliana na nchi za Ulaya kuhusu kupunguza ushuru, alilifufua na kulitia katika Sheria ya Upanuzi wa Biashara ya 1962. Hivyo mpango wa msaada kwa wafanyakazi walioathiriwa na biashara ya nje ulizaliwa ukiwa nusu yake ni hoja ya haki na nusu nyingine ni mapatano ya kisiasa, na haukuwahi kuachana kabisa na asili hiyo.

Masharti ya awali yalikuwa magumu kiasi cha kuifanya ahadi yote kuwa maneno matupu. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha mambo mawili kwa mfululizo: kwamba bidhaa za kigeni zimeongezeka kwa sababu kuu ya ushuru kupunguzwa katika makubaliano ya kibiashara, na kwamba ongezeko hilo ndilo sababu kuu ya watu kuachishwa kazi. Tangu sheria ilipotiwa saini hadi mwishoni mwa mwaka 1969 hakuna hata ombi moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Viwanda vilifungwa katika miaka hiyo, na nguo, viatu na vyuma vya nchi nyingine viliingia, lakini uhusiano kati ya mambo hayo haukuweza kuonyeshwa kwa kiwango kilichotakiwa, kwa maana neno «kuu» lilidai sababu moja iwe kubwa kuliko zote zikijumlishwa pamoja.

Sheria ya Biashara ya 1974 ililegeza mlango huo. Waziri wa Kazi ndiye aliyepewa kazi ya kuamua, na kipimo kikawa kwamba bidhaa za kigeni ziwe zimechangia kwa namna iliyo muhimu katika kupotea kwa kazi, bila ya kulazimika kuzidi sababu nyingine yoyote. Ombi liliweza kuletwa na wafanyakazi watatu wa mahali pamoja, au na chama chao, na baadaye hata na mwajiri au ofisi ya ajira ya jimbo. Wachunguzi wa Wizara walitazama mauzo na uzalishaji wa kampuni, kisha, na hapa ndipo penye jambo la kushangaza, wakawatumia dodoso wateja wa kampuni hiyo kuwauliza kama walipunguza kununua kwake na kuanza kununua bidhaa kutoka nje. Kwa hiyo haki ya fundi aliyefanya kazi miaka 20 iliweza kutegemea majibu ya ofisa manunuzi wa kampuni nyingine, mtu ambaye hakumjua fundi huyo na ambaye huenda alijibu kwa haraka.

Ustahiki ulikuwa na ngazi mbili, na ni vyema zitofautishwe. Ya kwanza ilikuwa ya kundi: Wizara ilitoa cheti kilichotamka kwamba wafanyakazi wa kampuni fulani, katika kitengo fulani, wameathiriwa na biashara ya nje. Ya pili ilikuwa ya mtu mmoja mmoja: aonekane kuwa aliachishwa ndani ya muda uliofunikwa na cheti, ambao haukurudi nyuma zaidi ya mwaka mmoja kabla ya tarehe ya ombi, na awe amefanya kazi angalau wiki 26 kati ya wiki 52 zilizotangulia kwa ujira usiopungua dola 30 kwa wiki. Aliyevuka ngazi zote mbili alilipiwa mafunzo ya kazi mpya, akapewa posho ya kujikimu baada ya mafao ya kawaida ya ukosefu wa ajira kumalizika, na akafidiwa sehemu ya gharama za kutafuta kazi mbali au kuhama. Msaada huo haukuwa mdogo. Ulizidi kwa mbali kile alichopata jirani yake aliyefukuzwa siku hiyohiyo kwa sababu mashine imechukua nafasi yake.

Jirani huyo ndiye kiini cha tatizo lote. Watu wawili wa umri mmoja na ujuzi mmoja, wenye watoto na madeni ya nyumba, wanatoka kazini Ijumaa moja. Mmoja anapewa miaka miwili ya mafunzo na posho, mwenzake anapewa miezi sita ya mafao kisha anaachwa. Tofauti yao ni kwamba kazi ya wa kwanza imehamia ng'ambo, ilhali ya wa pili imehamia ndani ya chuma. Je, tofauti hiyo ina uzito wowote wa kimaadili?

Watetezi wa sheria wana jibu, na jibu lao linastahili kusikilizwa kwa makini kabla ya kupingwa. Tangu David Ricardo alipochapisha kitabu chake cha kanuni za uchumi wa kisiasa mwaka 1817, hoja ya biashara huru imesimama juu ya faida linganishi, yaani kwamba kila nchi ikishughulika na kile inachokifanya kwa hasara ndogo zaidi kuliko vingine, jumla ya mali ya nchi zote huongezeka. Lakini jumla haina tumbo. Faida humfikia mnunuzi wa shati kwa senti chache chache, na hasara humwangukia mshona shati kwa mshahara wake wote. Mwaka 1939 Nicholas Kaldor na John Hicks, kila mmoja kwa njia yake, walitaka kulitatua hilo kwa kipimo kinachojulikana kama kanuni ya fidia: badiliko ni la heri ikiwa waliofaidika wangeweza kuwafidia walioumia na bado wakabaki na ziada. Udhaifu wa kipimo hicho umo katika lile «wangeweza», kwa sababu fidia ambayo ingewezekana lakini haikutolewa haimlishi mtu. Mpango wa Marekani unaweza kusomwa kama jitihada ya kuigeuza fidia ya nadharia kuwa fidia ya kweli: taifa limechagua, taifa limepata, basi taifa lilipe. Katika usomaji huu mfanyakazi haombi sadaka, anadai deni. Na deni, tofauti na sadaka, huulizwa sababu yake, kwa maana hakuna mdai asiyeulizwa ni kwa lipi anadai.

Hoja hiyo ni nzito, na wanaodai kwamba kutazama sababu ni upuuzi mtupu hawajaielewa. Hata hivyo inashindwa mahali pawili.

Pa kwanza ni katika ujuzi wenyewe wa sababu. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipojadiliana na wanafalsafa juu ya visababishi alichukua mfano wa pamba inayogusana na moto, akasema kwamba jicho linachokiona ni kuungua kunakotokea pamoja na kugusana, wala haliuoni ulazima unaofunga kimoja kwa kingine. Hakumaanisha kwamba mtu aishi kana kwamba moto hauunguzi. Mazoea aliyoyajaalia Mwenyezi Mungu yanatosha kwa hukumu za maisha. Lakini mazoea hutokana na kukariri, na kufungwa kwa kiwanda kimoja hakukaririwi. Kiwanda cha chuma cha zamani huko Pennsylvania au Ohio kilikuwa na tanuri zilizochakaa, washindani wa ndani wanaoyeyusha chuma chakavu kwa gharama ndogo, wasimamizi waliokawia kuwekeza, dola iliyopanda thamani, na chuma cha kigeni bandarini. Kuuliza ni kipi kati ya hivyo kilichofunga lango ni kuuliza swali ambalo huenda halina jibu, kwa kuwa kila kimojawapo kilizidisha nguvu ya kingine, na mashine mpya yenyewe mara nyingi hununuliwa kwa hofu ya ushindani wa nje.

Matokeo ya kulilazimisha swali lisilo na jibu litoe jibu yameonekana. Mtafiti wa uchumi Benjamin Hyman, akitumia ukweli kwamba maombi yaligawiwa wachunguzi mbalimbali wa Wizara, ambao baadhi yao walikuwa wepesi wa kukubali na wengine wazito, alilinganisha wafanyakazi waliofanana kwa kila hali ila mchunguzi. Aligundua kwamba waliokubaliwa walipata mapato makubwa zaidi katika miaka kumi iliyofuata, kiasi cha dola 50,000 kwa jumla. Habari hiyo hunukuliwa kama ushahidi kwamba mafunzo yanafaa, na ni kweli. Lakini kwa anayetafuta haki ina maana nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni kwamba kipimo kilichodaiwa kuwa cha sababu kilikuwa, kwa sehemu isiyo ndogo, bahati ya kuangukia dawati fulani.

Maana ya «bidhaa» nayo ilileta mikasa yake. Kwa muda mrefu sheria iliwahusu waliotengeneza bidhaa tu, na Wizara ikashikilia kwamba programu ya kompyuta inayosafirishwa kwa njia ya kielektroniki si bidhaa ilhali programu hiyohiyo ikiwa ndani ya diski ni bidhaa, mpaka Mahakama ya Biashara ya Kimataifa iliyoko New York ilipoikataa tofauti hiyo na Wizara ikabadili msimamo mwaka 2006. Wafanyakazi wa huduma kwa ujumla wao hawakuingizwa hadi mwaka 2009. Kisha Bunge likaacha upanuzi huo ukome, likaurejesha mwaka 2011, likauacha ukome tena mwanzoni mwa 2014, likaurejesha mwaka 2015, ukakoma kwa mara nyingine katikati ya 2021. Ikawa haki ya mtu inategemea tarehe ambayo ombi la kundi lake lilipigwa muhuri. Hakuna nadharia ya fidia inayoweza kueleza kwa nini mhudumu wa simu aliyepoteza kazi yake kwa kituo cha Manila anadai deni mwezi wa Juni na hadai mwezi wa Julai.

Mahali pa pili ambapo hoja ya fidia inashindwa ni pa ndani zaidi. Hata kama sababu ingejulikana kwa yakini, haifuati kwamba yule ambaye sababu yake si biashara hadai kitu. Mapokeo ya dini yamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko wachumi, na kwa undani unaostahili kuheshimiwa hata na asiyekuwa mwumini.

Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Qabisa bin Mukhariq alimjia Mtume kuomba msaada wa kulipa dhamana aliyojibebesha, na akafundishwa kwamba kuomba hakumfalii mtu ila mmoja wa watatu: aliyebeba dhamana ya watu wengine, mpaka atakapoitimiza, aliyepatwa na janga lililoteketeza mali yake, mpaka atakapopata cha kusimamisha maisha, na aliyefikwa na ufukara, ambaye watu watatu wenye busara katika jamaa zake wanamshuhudia kwamba kweli umemfika, mpaka naye atakapopata cha kusimamisha maisha. Mafundisho haya yanaitambua sababu. Dhamana, janga na ufukara vimetajwa mbalimbali, wala havikuchanganywa. Lakini tazama sababu inafanya kazi gani: mwenye janga hakutakiwa ushahidi, kwa kuwa mafuriko au moto huonwa na wote, ilhali mwenye ufukara uliofichika ametakiwa mashahidi watatu, na baada ya hapo wote wawili wanapewa haki iliyo sawa na yenye kikomo kilicho sawa. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, waliendeleza mantiki hiyohiyo katika zaka: anayesema ni fukara na hakujulikana kuwa na mali hukubaliwa kwa kauli yake, na aliyejulikana kuwa na mali akadai kwamba imeangamia hutakiwa kuthibitisha kuangamia kwake. Sababu, kwa maneno mengine, huamua njia ya kuthibitisha haja. Haiamui kama haja hiyo inastahili kutazamwa.

Inafaa kutambua kwamba sheria ya Marekani nayo ilitaka watu watatu, ila iliwauliza swali jingine. Wale watatu wa hadithi wanashuhudia kile wanachokijua, yaani hali ya mwenzao wanayeishi naye. Wale watatu wa ombi walitakiwa kutia saini juu ya jambo wasiloweza kulijua, yaani mwenendo wa soko la dunia kama ulivyopita katika vitabu vya hesabu vya mwajiri wao.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, umo mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka mara kwa mara sokoni kuajiri vibarua, na aliowakuta jioni wakiwa wamesimama bure aliwauliza kwa nini, wakamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Jibu hilo halina maelezo zaidi. Hawakuulizwa kama walikawia kuamka, kama nguvu zao zimepungua, au kama vibarua wa kijiji kingine wamewatangulia. Walipelekwa shambani na jioni wakapewa dinari nzima, ujira wa kutwa, kwa kuwa nyumba zao zilihitaji mkate wa kutwa. Waliotangulia kuajiriwa walinung'unika, na manung'uniko yao hayakuwa ya kipumbavu, maana nao walikuwa na hoja ya stahili. Mfano hauwanyang'anyi walichoahidiwa. Unakataa tu kwamba ahadi waliyopewa wao ndiyo mpaka wa haki kwa wengine.

Barua ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, iitwayo Laborem Exercens, iliipa fikra hii umbo linalofaa kabisa kwa suala la biashara ya nje. Humo inafundishwa kwamba mbali na mwajiri wa moja kwa moja, yule anayetia saini mkataba na kulipa mshahara, yupo mwajiri asiye wa moja kwa moja, maana yake ni watu, taasisi na mifumo yote inayoweka masharti ambayo ndani yake mkataba huo hufanywa: dola na sheria zake, na pia mahusiano ya kibiashara kati ya nchi na nchi. Mwajiri huyo asiyeonekana ana wajibu, na mmojawapo ni kuwapatia wasio na kazi riziki yao na ya familia zao, wajibu ambao barua hiyo inauegemeza juu ya haki ya kuishi na juu ya kanuni kwamba mali za dunia zimeumbwa kwa matumizi ya wote. Hapa sababu haijafutwa. Imepanuliwa mpaka ikawa haiwezi tena kutumika kumtenga jirani wa mashine na jirani wa ng'ambo, kwa kuwa sera ya kodi inayomfanya mwenye kiwanda anunue mashine na mkataba wa ushuru unaomfanya ahame ni vitendo vya mwajiri yuleyule asiye wa moja kwa moja.

Pingamizi moja linabaki, nalo halipaswi kupuuzwa. Msaada unaotolewa kwa kutazama haja peke yake una fedheha yake. Mwanafalsafa Jonathan Wolff, akiandika mwaka 1998, alionyesha jinsi mtu anayelazimika kukiri mbele ya ofisa kwamba hana uwezo wa kupata kazi anavyovuliwa heshima hata kabla ya kupewa chochote, na mwaka uliofuata Elizabeth Anderson aliushambulia usawa unaomhurumia mnufaika huku ukimdharau. Cheti cha biashara ya nje kiliepusha fedheha hiyo. Kilitamka hadharani, kwa jina la kiwanda, kwamba watu hawa hawakuwa wavivu wala wazembe. Jambo fulani lililoamuliwa mbali nao limewapitia. Kwa mji uliozoea kujitambulisha kwa kazi yake, tamko hilo lilikuwa na thamani isiyohesabiwa kwa dola, na ni haki kusema kwamba msaada wa jumla usiotamka lolote ungeliwanyima watu kitu walichokihitaji.

Lakini pingamizi hilo likifuatwa hadi mwisho wake linaipa nguvu hoja iliyokwisha kutolewa. Heshima inatokana na kutambuliwa, na kutambuliwa kwa mmoja hakupaswi kugharimu kukanwa kwa mwingine. Aliyekataliwa alirudishiwa ombi lake na barua ya serikali inayomwambia, kwa lugha ya ofisi, kwamba hasara yake haikutokana na jambo ambalo taifa linalitambua. Wenye cheti nao hawakupokea heshima tupu. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuja kuuita mpango huo bima ya mazishi, wakimaanisha kwamba unakuja baada ya kifo cha kazi na kwa sharti la kunyamaza juu ya aliyeua. Robert Goodin, mwanafalsafa wa siasa, ametofautisha fidia inayomrudishia mtu njia za kufikia malengo yaleyale aliyokuwa nayo na fidia inayomtaka abadili malengo yenyewe, na ya pili ni duni kimaadili hata pale fedha zinapolingana. Fundi wa chuma wa miaka 55 anayelipiwa kozi ya kutengeneza mashine za kupozea hewa, na ambaye asipojiandikisha kabla ya wiki kadhaa zilizowekwa anapoteza posho yake, anapewa fidia ya aina ya pili. Bunge lililitambua hilo kwa kiasi mwaka 2002, lilipoweka bima ya mshahara kwa waliotimiza miaka 50: aliyepata kazi mpya yenye ujira wa chini alijaziwa nusu ya tofauti kati ya mishahara miwili, kwa muda usiozidi miaka miwili na kwa jumla isiyozidi dola 10,000. Kifungu hicho kidogo pengine ndicho kilichokaribia zaidi haki katika mpango wote, kwa sababu kilitazama pengo lililo mbele ya mtu na kulijaza, bila ya kumgeuza awe mwanafunzi asiyetaka kuwa mwanafunzi.

Waliobaki nje ya mlango hawakutoweka. David Autor, David Dorn na Gordon Hanson, walipochunguza maeneo ya Marekani yaliyopata pigo kubwa zaidi la bidhaa za China baada ya 1990, waliona kwamba fedha za ziada zilizoingia katika maeneo hayo kupitia mpango wa biashara ya nje zilikuwa chache mno zikilinganishwa na zile zilizoingia kupitia mafao ya ulemavu. Watu ambao sheria haikuwaruhusu kusema kwamba kazi zao zimekwisha walikwenda kusema kwamba miili yao imekwisha. Ni vigumu kuyasoma matokeo hayo bila uchungu. Jamii iliyokataa kuisikia haja kwa jina lake iliishia kuilipia kwa jina jingine, kwa gharama kubwa zaidi, na kwa njia iliyomtaka mtu atangaze kwamba hafai tena kufanya kazi ili apate kula.

Tangu Julai 1, 2022 mpango huo haukubali maombi mapya, kwa kuwa Bunge halikuuhuisha, na Wizara ya Kazi haiwezi kutoa cheti kwa kundi jingine lolote mpaka sheria itakapobadilishwa. Wanaotaka ufufuliwe wanarudia hoja ya deni ya McDonald, na wanaoupinga wanarudia hoja ya jirani wa mashine, kana kwamba hoja hizo mbili haziwezi kukaa pamoja. Zinaweza. Deni linaweza kumhusu anayelipa, na haja ikamhusu anayelipwa: waliofaidika kwa ushuru kupunguzwa wakachangishwa kwa sababu hiyo hasa, na kilichochangwa kikamfikia kila aliyepoteza kazi bila ya kosa lake, kwa ushahidi ulio mwepesi pale msiba unapoonekana na ulio mzito kidogo pale unapofichika.

Deni la namna hiyo likikubaliwa, swali la mpaka wake wa kijiografia haliwezi kuepukwa, na hapa Afrika Mashariki inaingia bila ya kualikwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ya kukuza biashara na Afrika, inayojulikana kama AGOA, ilifungua soko la nguo kwa viwanda kama vile vya ukanda wa Athi River nchini Kenya, na shati lililoshonwa humo liliweza kuhesabiwa miongoni mwa bidhaa zilizomwondoa kazini mshonaji wa Marekani na hivyo kumpa haki ya msaada. Mapendeleo hayo hutolewa na kuondolewa kwa uamuzi wa dola hiyohiyo: Julai 2018 nguo za Rwanda zilinyimwa msamaha wa ushuru kwa sababu Rwanda ilikataa kuushusha ushuru iliouongeza juu ya mitumba. Mshonaji wa upande huu wa bahari anayepoteza kazi kwa uamuzi kama huo hana wizara ya kuandikia, ingawa sababu ya hasara yake iko wazi kuliko ya mfanyakazi yeyote aliyewahi kujaza fomu za Washington. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri amlipe anayepunguzwa kazini ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia, na huko ni kumdai mwajiri wa moja kwa moja, aliye karibu na ambaye mara nyingi naye amepoteza soko. Mwajiri asiye wa moja kwa moja, yule aliyeweka masharti na kuyabadili, hajaandikwa bado katika daftari la wadaiwa la sheria yoyote.